Kona ya Herufi: Kupanga Kiswahili kisomeke

Karibu barua zote za mwezi huu zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: kwa nini kazi iliyopendeza kwenye kompyuta inamshinda msomaji ikishachapwa? Nimejibu kwa kirefu pale swali linapogusa Kiswahili chenyewe. Video na vitabu vingi tunavyojifunzia ubunifu vimetungwa na watu wanaopanga Kiingereza, na kanuni zao nyingi ni za kweli. Mimi mwenyewe nazitumia kila siku. Ila maneno yetu ni marefu kuliko yao, yanaishia kwa irabu, na yamejaa herufi a. Mbunifu asipoliona hilo, atapanga ukurasa vizuri kwa lugha ambayo msomaji wake hasomi.

*Shikamoo mama. Nimeanza ubunifu wa grafiki mwaka huu, natumia CorelDRAW. Rafiki yangu amenipa flashi yenye maelfu ya fonti, sasa sijui nishike ipi. Fonti gani inafaa zaidi kwa Kiswahili? — Kijana wa Morogoro*

Marahaba mwanangu. Hiyo flashi iweke kando kwanza. Fonti mbili zinakutosha kwa mwaka mzima, moja ya maandishi marefu na moja ya vichwa na mabango, mradi uzichague kwa kuzijaribu.

Wengi wanajaribu fonti kwa ile sentensi ya Kiingereza ya mbweha anayemruka mbwa mvivu, kwa kuwa ina herufi zote 26. Kwetu haifai. Ina q na x, ambazo hatuzitumii, na katika sentensi nzima herufi a imo mara moja tu! Kiswahili ndani ya neno moja, “wakawakamata”, kinaitaka mara sita. Kwa hiyo andika sentensi kama hii: “Wanakijiji walikaa barazani wakawasubiri wageni waliochelewa.” Ichape kwa ukubwa wa pointi 9 kwenye karatasi ya kawaida uitazame a. Kama tumbo lake ni dogo na limebanwa, wino utalijaza na ukurasa wote utaonekana una madoa. Kama a ni duara lenye kijiti tu ubavuni, mfano wa Futura ya mwaka 1927, basi kwa mbali msomaji ataichanganya na o, na sisi tuna bara na bora, kasa na kosa, kaa na koo. Futura ni fonti nzuri sana kwa kichwa kikubwa cha maneno machache. Kwa aya ya Kiswahili, hapana.

Jaribio la pili ni neno Ilala, kisha Ilemela. Katika Arial na Helvetica, I kubwa na l ndogo zinasimama kama vijiti viwili vya namna moja, na mtu asiyelijua jina la mahali hawezi kujua anasoma nini. Ukipanga anwani, majina ya watu au namba za kumbukumbu, tafuta fonti ambayo I, l na 1 zinatofautiana hata kwa udogo.

Na Times New Roman je, maana najua utaniuliza? Ilitengenezwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London, likaanza kuitumia mwaka 1932. Safu za gazeti ni nyembamba, kwa hiyo herufi zake zilibanwa ili maneno mengi yaingie. Ukiitandaza kwenye mstari mrefu wa karatasi ya A4 unaipa kazi ambayo haikuumbiwa. Fonti si mbovu, ila imepelekwa mahali pasipo pake.

Kwa kuanzia chukua Gentium kwa maandishi marefu na Open Sans kwa vichwa. Zote ni za bure na za halali. Tofautisha vichwa na maandishi kwa ukubwa na uzito (yaani unene wa herufi), usiongeze fonti ya tatu. Na ukitofautisha, tofautisha kweli: kichwa cha pointi 12 juu ya maandishi ya pointi 11 kinaonekana kama bahati mbaya. Kipe 18.

*Nina duka la nguo hapa Mwanza. Nimechorewa bango limeandikwa MAVAZI YA WATOTO, herufi nyekundu juu ya buluu. Watu wanapita bila kuliona, na mimi mwenyewe nikilitazama naona kama herufi zimekaa vibaya lakini siwezi kueleza. Kasoro ni nini? — Mama wa duka*

Dada yangu, jicho lako liko sawa kabisa. Ni maneno magumu kuliko mengi ninayoyajua kuyapanga kwa herufi kubwa. Tazama MAVAZI: A inaegemea huku, V inaegemea kule, A tena. Kisha YA, kisha WATO. Herufi zenye mabega ya mshazari, A, V, W, Y, na zenye mkono juu kama T, zikiwekwa kwa nafasi sawa ya rula haziwi sawa machoni. Kati ya T na A kunabaki uwazi, wakati M na A zinakaribia kugusana. Jicho linasoma MAV AZI YA W AT OT O. Kiswahili kina mikusanyiko hii kila mahali, kwa sababu ya wa, ya, ta na va zetu. Hata TANZANIA inaanza na TA.

Dawa ni kusogeza herufi moja moja. Fundi aliyenifundisha kupanga herufi za madini ya risasi, huko Tabora, alikuwa anakata ubavu wa herufi ili jirani yake isogee. Siku hizi kazi hiyo haihitaji msumeno. Kwenye CorelDRAW unachukua kifaa cha umbo, unabofya neno, kila herufi inaonyesha kinundu unachoweza kukivuta. Kwenye programu za Illustrator na InDesign unaweka kishale kati ya herufi mbili, unashika Alt na kubonyeza mshale wa kushoto au kulia. Mwambie dizaina wako aligeuze bango kichwa chini kwenye skrini kabla ya kusogeza. Ukilisoma neno unaona maana. Likiwa limepinduliwa unaona nafasi.

Nyekundu juu ya buluu iache. Rangi hizo mbili zikiwa kali zinakaribiana mno kwa mwanga, na mpaka kati yake unacheza machoni. Nyeupe juu ya buluu hiyohiyo itaonekana kutoka ng’ambo ya barabara. Kuhusu ukubwa, watengeneza mabango wana kipimo cha kukadiria: kwa kila mita 3 za umbali, herufi iwe na urefu wa sentimita 2.5 au zaidi ili isomwe bila taabu. Kama wateja wako wanapita mita 20 kutoka mlangoni, herufi zako zisipungue sentimita 17.

Ungeweza pia kuandika Mavazi ya Watoto kwa herufi ndogo zenye kubwa mwanzoni, na mimi ningekushauri hivyo. Uingereza ilipotengeneza upya alama zake za barabarani, kazi iliyofanywa na Jock Kinneir na Margaret Calvert (mama huyu alizaliwa Afrika Kusini), waliyaandika majina ya miji kwa herufi ndogo zenye kubwa mwanzoni badala ya kubwa tupu, kwa sababu dereva yuko mwendoni. Alama hizo zilianza kutumika nchi nzima mwaka 1965 na zipo hadi leo. Neno la herufi ndogo lina vichwa na mikia, k inapanda, y inashuka, na jicho lina pa kushika. Herufi kubwa tupu zinafaa pale maneno ni machache na yana nafasi yake. Mfano bora tunao nyumbani: jina la kanga. Maneno manne au matano, herufi nene, yamekaa peke yake ndani ya kisanduku chini ya mji. Yanasomeka mwenye kanga akiwa anatembea. Wachapaji wa kanga wamelijua hilo tangu zamani.

*Mimi ni katibu wa chama cha ushirika. Ripoti yetu ya mwaka tunaiandika kwa Word, tunaisawazisha pande zote mbili ionekane rasmi. Kila mwaka wajumbe wanalalamika kwamba inachosha, wakati maneno ni ya kawaida tu. Mwaka jana tulimpa dizaina, akaturudishia maneno yamekatwa ajabu: “kion-gozi”, “nyum-ba”. Tufanye nini? — Katibu, Moshi*

Ndugu katibu, barua yako ndiyo iliyonifanya niombe kurasa zaidi kwa mhariri, na naomba uvumilie jibu refu.

Anza na urefu wa mstari. Jicho likimaliza mstari linarudi kushoto kutafuta unaofuata. Mstari ukiwa mrefu mno linapotea, linarudia uliokwisha kusomwa au linaruka mmoja. Kipimo kinachokubalika ni herufi 45 hadi 75 kwa mstari, pamoja na nafasi. Wengi tunalenga kama 66. Ukurasa wa A4 wenye pambizo za sentimita 2.5 na Times ya pointi 12 unabeba karibu herufi 90. Hapo ndipo wajumbe wako wanapochokea. Panua pambizo, au gawa ukurasa safu mbili, au ongeza ukubwa wa herufi. Ningeanza na pambizo: sentimita 4 kila upande na fonti pana kidogo, na ripoti itageuka.

Pili, nafasi kati ya mistari. Pointi moja ni sehemu ya 72 ya inchi, yaani kama milimita 0.35. Maandishi ya pointi 11 yapewe mistari ya pointi 14 au 15. Mstari ukirefuka, nafasi nayo iongezeke. Ile nafasi mbili kamili tuliyorithi kwa mashine za taipu iliachwa pana ili mwalimu au karani aandike masahihisho kwa kalamu katikati. Kwenye ripoti iliyokamilika inaitawanya aya.

Sasa kusawazisha. Programu ikisawazisha pande zote mbili, inachukua uwazi uliobaki mwisho wa mstari na kuugawa kati ya maneno. Kiingereza kina maneno mafupi mengi, kwa hiyo uwazi unagawanyika mahali pengi na hauonekani. Sisi mstari mmoja unaweza kubeba “wanaoshughulikia”, “yaliyotekelezwa” na “hawakuhudhuria”. Neno likikosa nafasi linashuka lote zima, na yale machache yaliyobaki yanavutwa hadi yaachane. Ukiutazama ukurasa huo ukiwa umefumba macho nusu, utaona mito myeupe inashuka katikati ya aya. Katika safu nyembamba hali inakuwa mbaya zaidi, maana mstari wa herufi 38 una maneno matano au sita tu.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa Kiswahili ni mkali kuliko ule utakaoukuta kwenye vitabu vya Kiingereza: anzia kushoto, acha kulia kuwe na kingo zisizolingana. Urasmi wa ripoti hautoki kwenye kingo. Unatoka kwenye utulivu wa ukurasa. Kama kamati inang’ang’ania kusawazisha, basi ni lazima maneno yakatwe kwa kistari, na hapo tunafika kwa dizaina wako.

Dizaina hakuyakata yeye. Programu iliyakata, kwa sababu lugha ya maandishi iliachwa kuwa Kiingereza, nayo ikafuata mikato ya Kiingereza. Silabi ya Kiswahili inaishia kwa irabu. Kwa hiyo kio-ngozi, nyu-mba, ki-tanda, kuta-ngaza. Mb, nd, nj, ng, nz na mv haziachani, wala ch, sh, th, dh, gh, ny na ng’. Maneno tuliyoyapokea kutoka Kiarabu na kwingineko yenye konsonanti mbili tofauti zinazokutana hukatwa katikati yake: daf-tari, lab-da, sek-ta. M inayosimama peke yake kama silabi, kwenye mtoto au mkataba, usiiache mwisho wa mstari iwe pweke. Na pale unapoweza kuchagua, kata kwenye kiungo cha neno ili msomaji aanze kuelewa kabla ya kushuka: wanao-shughulikia ni bora kuliko wanaoshughuli-kia, na polepole ikatwe pole-pole. Mwambie aizime mikato ya kompyuta kwenye ripoti nzima, asome safu kwa macho, na pale tu panapovuja aweke kistari cha hiari, kile kinachojificha neno likihama. Ni kazi ya jioni moja kwa ripoti ya kurasa 30, na nasisitiza ilipwe.

Jambo la mwisho kwako, kuhusu vichwa. Nimeona majalada mengi yenye “MKUTANO MKUU WA” mstari wa kwanza, kisha “WANACHAMA” chini. Hiyo wa ni ya wanachama, inawaelekeza. Ikiachwa juu inaning’inia na msomaji anasita. Kata kabla yake: Mkutano Mkuu, kisha wa Wanachama. Vivyo hivyo kwa ya, kwa, na, katika. Soma kichwa kwa sauti. Pale unapovuta pumzi ndipo mstari unapokatika.

*Mwalimu wa darasa la kwanza, Singida: Tunatengeneza vitabu vidogo vya kusomea wenyewe na kuvichapa kwa mashine ya riso ya shule. Herufi zipi zinafaa watoto wanaoanza ba be bi bo bu?*

Mwalimu, tafuta fonti inayoitwa Andika. Jina lake limetolewa kwenye Kiswahili, na ilitengenezwa na shirika la SIL kwa ajili ya wanaoanza kusoma. Inapatikana bure. Herufi zake zinafanana na zile unazoandika ubaoni: a ya duara na g isiyo na matumbo mawili. Nimemwambia kijana wa Morogoro aikwepe a ya duara, na naona utaniuliza. Kwa mtu mzima anayesoma haraka na kwa herufi za pointi 10, a ya duara inamkwamisha. Mtoto wako anasoma pole kwa herufi kubwa, na anachohitaji ni kuona kitabuni umbo lilelile analofundishwa kuliandika. Halafu a ya Andika ina mkia kidogo chini, haigeuki o.

Tumia pointi 20 hadi 24 kwa mwanzo. Usisawazishe, usikate neno kwa kistari hata moja, na usiandike juu ya picha. Sentensi ikizidi mstari, ikate pale maana inapopumzika. Riso hula mistari myembamba, hivyo usichague uzito mwepesi. Herufi ya kawaida inatosha.

*Kamati ya harusi, Dodoma: Kadi zetu za mchango tumezipamba kwa herufi za mwandiko, lakini watu wanapiga simu kuuliza namba ya kutuma pesa ilhali imo kwenye kadi.*

Herufi za mwandiko ziwe za majina mawili ya maharusi, kwa ukubwa, na ziishie hapo. Zisiandikwe kwa herufi kubwa tupu. Mwandiko uliundwa herufi zishikane, na kubwa zake zikipangwa pamoja hazisomeki. Tarehe, ukumbi, jina la mtunza hazina na namba viandikwe kwa fonti ya wazi.

Namba ya simu igaweni nne, tatu, tatu, kwa nafasi ndogo katikati, na chini yake jina litakalotokea kwenye simu mtu akituma. Kama mnatumia Lipa Namba, ipeni mstari wake. Angalieni pia fonti yenyewe: Georgia, kwa mfano, ina tarakimu zinazopanda na kushuka, sifuri yake ni fupi na inafanana na o. Ndani ya sentensi tarakimu hizo ni nzuri mno. Kwenye namba ya kutuma pesa zinaleta mashaka, na mwenye mashaka hatumi.

*Assalaam aleikum bibie. Nachapa kadi za ndoa na mialiko ya maulidi hapa Unguja. Nikibandika Bismillahi kwenye programu, herufi zinaachana na kujipanga kinyume. Wateja wananirudishia kazi. — Mchapaji, Ng’ambo*

Waaleikum salaam. Wana haki kurudisha, maana hayo si maandishi tena. Herufi ya Kiarabu ina umbo la mwanzo, la kati, la mwisho na la kusimama pekee, na programu ndiyo inayochagua kwa kufuata jirani yake. Programu za zamani, au mpya zisizowekwa sawasawa, hazichagui. Zinaweka kila herufi peke yake na kuanzia kushoto. Katika programu za Adobe, nenda kwenye mapendeleo ya maandishi uwashe injini ya lugha za Mashariki ya Kati, kisha kwenye aya uchague mwelekeo wa kulia kwenda kushoto. Kama kompyuta yako ni ya zamani na haina chaguo hilo, andika kwenye programu inayounganisha vizuri, toa pidiefu, kisha uiingize kama picha ya mistari.

Kwa Bismillahi peke yake kuna njia fupi: imo kwenye Unicode, orodha ya kimataifa ya herufi za kompyuta, kama alama moja nzima, U+FDFD, kwa hiyo haiwezi kuachana. Inatokea mradi fonti uliyoitumia inayo. Fonti ninayoipenda kwa kazi hizi ni Amiri, ya bure, iliyofufua mwandiko wa naskh wa kiwanda cha chapa cha Bulaq, Cairo, wa mwanzo wa karne ya 20.

Usiongeze nafasi kati ya herufi za Kiarabu kamwe, hata kama herufi za Kilatini, hizi za Kiswahili, umezipanua kwenye kadi hiyo. Ukifanya hivyo unakata mkono wa herufi. Na ukiweka Kiarabu na Kiswahili sambamba, kikuze Kiarabu kama sehemu ya tano zaidi, la sivyo kitaonekana kidogo ingawa pointi ni zilezile. Kabla ya kuchapa, mpe mtu anayesoma Kurani aitazame prufu, yaani nakala ya majaribio. Majina ya kwanza ya kanga za pwani hii yaliandikwa kwa herufi hizi, na ningependa tuzipange kwa heshima ileile.

*Habari mama. Natengeneza ratiba za mazishi na vitabu vya nyimbo kwa Gĩkũyũ na Kiswahili. Zile ĩ na ũ zinatoka nene kuliko herufi nyingine, mara nyingine ni kisanduku. Na ng’ inanisumbua. — Mbunifu, Murang’a*

Nzuri mwanangu. Fonti uliyochagua haina ĩ na ũ, kwa hiyo programu inaazima kwa fonti nyingine. Ndiyo maana zinatofautiana unene. Isipopata pa kuazima inaweka kisanduku. Usichore alama hiyo kwa mkono juu ya i, maana jina la marehemu litakuwa la namna moja kwenye jalada na namna nyingine ndani. Tumia Gentium, Charis SIL au Noto, ambazo zimekamilika, na kabla ya kununua fonti yoyote andika Gĩkũyũ kwanza kwenye ukurasa wa majaribio. Wenzako wa Ukambani na Meru wana shida hiyohiyo na dawa ni hiyohiyo.

Alama ya ng’ iwe na umbo la 9, kichwa juu na mkia chini. Programu nyingi huiweka sawa zikiona herufi pande zote mbili. Tatizo huja na maandishi yaliyotumwa kwa WhatsApp, ambako watu hubonyeza alama yoyote ya mshazari wanayoiona kwenye simu. Ukishapokea kazi, tafuta na ubadilishe zote kwa mkupuo mmoja kabla ya kupanga. Na manukuu katika Kiswahili yafunge kwa alama mbili, si moja, ili msomaji asikutane na kidoti kimoja cha kufungia nukuu na kingine cha ng’ombe ndani ya neno moja.

*Natengeneza matangazo ya simu. Bosi anapenda herufi nyembamba za kijivu, anasema ni za kisasa. — Msomaji, Kampala*

Mpeleke bosi nje saa saba mchana, mpe simu yenye mwanga wa nusu, mwambie asome. Kisha mwonyeshe kipimo: mwongozo wa W3C, shirika linaloweka viwango vya intaneti, unataka utofauti wa 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na usuli wake, na 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa ya kuanzia pointi 18, au 14 yakiwa koza, yaani manene. Juu ya nyeupe, kijivu cheupe zaidi kinachopita ni chenye msimbo wa rangi #767676. Njano juu ya nyeupe haifiki hata 1.1. Kuna vikokotoo vya bure mtandaoni vinavyotoa jibu mara moja, na hoja yenye namba haimwaibishi mtu.

*Mama, maandishi meusi kwenye vipeperushi vyangu yanatoka na kivuli chekundu na cha buluu pembeni. Mchapaji anasema faili ndiyo mbovu, mimi nasema mashine. — Arusha*

Safari hii mchapaji ana sehemu ya haki. Ukichora kwa rangi za skrini, nyeusi ikigeuzwa kuwa ya uchapaji inagawanywa kwenye wino zote nne. Kila wino una bamba lake, na bamba likihama kwa sehemu ya kumi ya milimita, herufi ya pointi 9 inaota kivuli. Kwenye picha kubwa hutaona. Kwenye herufi utaona. Geuza faili iwe CMYK, yaani mfumo wa hizo wino nne, tangu mwanzo wa kazi, kisha maandishi yote madogo yape nyeusi peke yake asilimia 100, na nyingine tatu sifuri. Maandishi meupe juu ya picha nyeusi yaongeze uzito ngazi moja na yasiwe chini ya pointi 8, kwa kuwa wino unasambaa na kuyala kutoka pande zote. Omba prufu ya karatasi ileile itakayotumika, na uitazame nje, kwenye mwanga wa jua, kabla ya kuweka sahihi.